AFYA YA JAMII: Alichapwa bure, kumbe alikuwa amefunga choo

MPENZI msomaji, leo nakuomba radhi mapema. Nitazungumzia jambo ambalo wengi wetu tumelelewa tusilitaje mbele za watu, sembuse mezani. Kama unausoma ukurasa huu ukiwa na kikombe mkononi, maliza kwanza chai yako, kisha urudi tuendelee.

Dada yangu mdogo anaishi Kawangware pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Mwaka jana binti yake wa kwanza, mwenye umri wa miaka saba na aliyekuwa Gredi ya 2, alianza kurudi kutoka shuleni akiwa amechafua nguo ya ndani. Siku ya kwanza mamake alidhani ni bahati mbaya. Siku ya tatu alimkaripia. Wiki ya pili alivua ndara akamchapa, kwa kuwa aliona mtoto mkubwa namna hiyo anafanya uvivu wa kwenda msalani. Huko shuleni, wenzake walikuwa tayari wamempa jina la kumcheka, nami sitalirudia hapa.

Kwa vile uchafu wenyewe ulikuwa majimaji, dada alikata kauli kwamba mtoto anaharisha. Akaenda duka la dawa, akauziwa Flagyl, kama tulivyozoea hapa Nairobi. Tumbo likinguruma tunasema ni amiba, likizidi tunasema ni taifodi. Dawa ikaisha, hali ikabaki ileile.

Nilipowatembelea Jumamosi moja, mtoto alinisogelea akaninong'oneza, "Mjomba, mimi sisikii ikitoka."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Jumatatu tukampeleka zahanati. Afisa wa kliniki alimlaza kitandani, akambonyeza tumbo polepole upande wa kushoto, chini ya kitovu. Kisha akaushika mkono wa mamake na kuuweka pale pale. "Unasikia hivi vigumu kama viazi?" akamwuliza. "Mama, mtoto huyu haharishi. Amefunga choo."

Kumbe choo kigumu kilikuwa kimejazana kwa wiki nyingi, na majimaji yaliyofuata nyuma yake yalikuwa yakipenya pembeni na kuvuja bila mtoto kuhisi. Dada aliinamisha kichwa, asiseme neno. Nilijua anaifikiria ile ndara.

Kufunga choo ni nini hasa?

Watu wengi huamini kwamba asiyekwenda haja kubwa kila siku ni mgonjwa. Sivyo. Madaktari husema kwamba kwa mtu mzima, kwenda kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni hali ya kawaida, mradi choo ni laini na hakuna maumivu. Mtu amefunga choo anapokwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au choo chake kinapokuwa kigumu na kikavu, au anapolazimika kujikamua hadi jasho limtoke, au anapotoka msalani akihisi kwamba hajamaliza. Kwa hivyo inawezekana mtu aende kila siku na bado awe amefunga choo.

Mwaka wa 1997, wataalamu wawili wa Bristol, Uingereza, walichapisha picha za aina saba za choo, ambazo madaktari kote duniani bado wanazitumia. Aina ya kwanza ni vidonge vigumu vilivyoachana, kama vya mbuzi. Aina ya pili ni kipande kimoja kilichojaa mabonge. Hizo mbili ni dalili ya kufunga choo. Aina ya tatu na ya nne ni kipande laini chenye umbo la ndizi, na hizo ndizo za kutamaniwa. Kuanzia ya tano choo huzidi kulegea, hadi ya saba ambayo ni maji matupu. Daktari akikuuliza choo chako kikoje, usiangalie dari. Swali hilo lina maana sawa na kukupima joto.

Lakini lililo muhimu zaidi ni kuijua kawaida yako mwenyewe. Kuna anayekwenda kila alfajiri bila kukosa, na kuna anayekwenda siku moja na kuruka ya pili. Wote wawili wazima. La kuangaliwa ni pale kawaida hiyo inapogeuka na kukataa kurudi. Jambo hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu lilimgharimu uhai mtu niliyemfahamu.

Mwito wa asubuhi

Chakula kikitoka tumboni hupitia utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban mita sita. Huko ndiko mwili unakotwaa sehemu kubwa ya lishe. Mabaki huingia utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Utumbo huo ndio unaofyonza maji yaliyosalia. Kadiri mabaki yanavyokawia humo, ndivyo yanavyozidi kukauka na kuwa magumu.

Sasa sikiliza hili. Mtu anapokula au kunywa, hasa asubuhi baada ya kuamka, utumbo mpana hujikunja na kusukuma mabaki kuelekea mwisho. Ndiyo maana wengi huhisi haja baada ya chai ya asubuhi. Huo ni mwito wa mwili. Ukiuitikia, kazi huisha kwa dakika chache. Ukiupuuza, hupita, na choo hubaki kikikauka. Ukiupuuza kila siku kwa miezi mingi, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka, ikazoea kubeba mzigo, na hisia ikafifia. Mpwa wangu alisema kweli. Hakuwa akisikia.

Na hapo ndipo maisha ya Nairobi yanapogongana na tumbo. Mkazi wa Uthiru au Kangemi anayefanya kazi mjini huamka saa kumi na nusu. Kama anaishi kwenye ploti yenye choo kimoja cha familia kadhaa, hukuta foleni. Hunywa chai akiwa amesimama, akakimbilia matatu namba 23. Msongamano wa Barabara ya Waiyaki humkamata, na wanapokaribia Westlands, chai ikiwa imeshashuka, mwito unafika. Atafanya nini? Atabana. Wa Kawangware aliye ndani ya namba 46 naye anabana.

Akishuka katikati ya jiji, mambo si rahisi sana pia. Wanaokumbuka miaka ya 1990 watakumbuka kwamba vyoo vingi vya umma vya jiji havikukaribika kwa uvundo na hofu. Tangu miaka ya 2000 vingi vilikarabatiwa, na vipya kama vile vya Iko Toilet vikajengwa, navyo hutoza ada ndogo. Lakini mtu aliyebaki na nauli tupu, au anayechelewa kazini, hupita tu mlangoni. Wapo pia wanaokataa kunywa maji kutwa nzima kwa kuogopa kutafuta choo mjini. Huko ni kuuongezea utumbo ukame.

Kina mama wana mzigo zaidi. Mwaka wa 2010, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, ikiwemo Kibera, likaeleza jinsi wengi wanavyoogopa kutembea usiku kwenda vyoo vilivyo mbali na nyumba zao. Mwanamke anayebana kuanzia machweo hadi macheo hafanyi hivyo kwa kupenda.

Na watoto je? Mpwa wangu alipoulizwa vizuri, alieleza kwamba choo cha wasichana shuleni kwao hakikuwa na komeo, na siku moja mtu aliusukuma mlango yeye akiwa ndani. Tangu siku hiyo hakuingia tena. Alikuwa akibana tangu asubuhi hadi jioni, kisha akawa anabana hata nyumbani, kwa sababu choo kilichokauka kilimuumiza.

Mzee, ulizeni watoto wenu swali hilo. Si la kuhusu alama za mtihani. Waulizeni, "Choo cha shule kikoje? Wewe hukitumia?"

Somo lililotoka Mulago

Linapokuja suala la chakula, elimu ambayo dunia nzima inaifuata leo ilitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1960, kwa muda mrefu katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Lakini aligundua jambo jingine pia. Maradhi mengi ya utumbo aliyoyajua Uingereza yalikuwa adimu miongoni mwa wagonjwa wake wa mashambani.

Mwenzake katika fikra hizo alikuwa Daktari Hugh Trowell, aliyekuja Kenya mwaka wa 1929 kabla ya kuhamia Uganda. Wote wawili walikuja kuamini kwamba siri ilikuwa kwenye nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga, na ambayo viwanda vilikuwa vikiitupa vikitengeneza unga mweupe.

Mwaka wa 1972, Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vyao katika jarida la The Lancet. Waliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei wavimeze, kisha wakahesabu muda vilivyochukua kutoka. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilisafiri kwa takriban saa 36, na choo chao kilikuwa na uzani wa karibu gramu 470 kwa siku. Kwa wanamaji wa Uingereza na wake zao, safari ilichukua zaidi ya saa 80, na choo kilikuwa gramu 104 hivi.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Tangu wakati huo wanasayansi wamesahihisha baadhi ya mawazo yake, kwani maradhi ya utumbo yana sababu nyingi kuliko chakula peke yake. Lakini kwamba nyuzinyuzi hulainisha choo na kuharakisha safari yake, hilo halina ubishi.

Ajabu ni kwamba sisi, wajukuu wa wanakijiji wale, tunakula leo kama wale wanamaji. Asubuhi ni chai na mkate mweupe. Saa saba ni chipsi na soda, au smokie ya kando ya barabara. Jioni ni ugali wa unga uliochujwa ukawa mweupe kama pamba, pamoja na nyama na mboga za kuhesabu kwa vidole.

Kurekebisha kwaanzia jikoni

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Kipande cha mkate mweupe huwa na takriban gramu 1 tu. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10. Nusu ya parachichi kubwa ina gramu 6 hivi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wala huhitaji kwenda kwenye maduka makubwa ya Westlands kununua vyakula vya makopo. Githeri ambayo wanafunzi wa mabweni huilalamikia ni dawa nzuri ya tumbo. Ndengu, njahi, nduma, viazi vitamu, sukuma wiki, managu, terere, mapera na papai vyote vinauzwa Kawangware na soko la Kangemi. Badala ya unga uliochujwa, nunua mahindi uyapeleke kinuni yasagwe na maganda yake. Ugali wake ni mweusi kidogo, lakini unashibisha na utumbo unaushukuru.

Tahadhari moja. Usiruke kutoka mkate mweupe hadi sahani tatu za maharagwe kwa siku moja, utajaa gesi na kulilaumu gazeti. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, na unywe maji. Nyuzinyuzi hufanya kazi kwa kushika maji. Bila maji huweza kuzidisha tatizo. Glasi sita hadi nane kwa siku zawatosha watu wazima wengi, isipokuwa wale ambao daktari amewapunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo.

Pili, lipe tumbo nafasi yake. Amka dakika 15 mapema, kunywa kitu cha moto, kisha uende msalani bila haraka, hata kama huhisi mwito. Baada ya majuma machache mwili hujifunza saa yake. Simu iache nje. Kukaa humo nusu saa ukisoma habari huvimbisha mishipa ya njia ya haja na kuleta bawasiri.

Tatu, namna ya kukaa. Mtu anapochuchumaa, njia ya mwisho ya utumbo hunyooka na choo hutoka kwa urahisi. Kwa jambo hili mpangaji wa Kangemi mwenye choo cha shimo amemshinda yule wa ghorofa ya Kileleshwa mwenye choo cha kukalia. Lakini wa Kileleshwa asikate tamaa. Aweke kigoda kifupi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, ainame mbele kidogo, apumue.

Nne, tembea. Ukishuka vituo viwili kabla ya mwisho wa safari na kumalizia kwa miguu, utumbo nao unatembea.

Dawa si mchezo

Bibi zetu wa Pwani walijua sanamaki, subili na mafuta ya mbarika. Haluli iliwatoa jasho watoto wengi wakati wa likizo. Baadhi ya dawa hizo zinafanya kazi kweli, na sanamaki hadi leo imo katika vidonge vinavyouzwa madukani. Hata hivyo, hufanya kazi kwa kuuchochea utumbo ujikunje. Kuzitumia siku moja moja si neno. Kuzitumia kila juma bila ushauri, au kunywa chai za "kupunguza tumbo" zinazouzwa mjini, kunaweza kuleta msokoto, kuharisha na kupoteza chumvi za mwili. Kuna dawa nyingine, kama vile laktulosi, ambazo hulainisha choo kwa kuvuta maji, nazo ndizo aghalabu hupewa watoto na kina mama wajawazito. Mwulize mfamasia aliyesomea kazi hiyo.

Na kamwe usimpe dawa ya kuendesha mtu mwenye maumivu makali ya tumbo na anayetapika.

Kumbuka pia kwamba dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo chanzo. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hufunga choo na kukigeuza rangi kuwa nyeusi. Mama mjamzito asiviache kwa sababu hiyo, bali amweleze muuguzi. Dawa za maumivu zenye kodeini hufunga choo vibaya. Hali kadhalika baadhi ya dawa za kiungulia na za shinikizo la damu. Isitoshe, kisukari na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo huweza kujitokeza kwa njia hii.

Kwa watoto

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima, mradi choo kikija ni laini na mtoto ananyonya na kukua. Lakini mtoto mchanga ambaye hajatoa choo cha kwanza ndani ya saa 48 baada ya kuzaliwa aonwe na daktari bila kuchelewa.

Aliyeachishwa ziwa naye asijazwe maziwa ya ng'ombe kutwa hadi akakosa hamu ya chakula. Mwenye umri wa kwenda shule akalishwe msalani dakika tano hadi kumi baada ya mlo, miguu ikiwa juu ya kigoda, bila kelele wala vitisho. Akitoa, asifiwe. Asipotoa, aambiwe tutajaribu kesho. Na akichafua nguo, usimchape. Mtoto aliyepita umri wa miaka minne na ambaye nguo yake huchafuka mara kwa mara anahitaji kupimwa tumbo.

Jirani yangu

Sasa nilirudie lile nililoahidi.

Nilikuwa na jirani Kangemi, fundi wa magari mwenye umri wa miaka 52. Mtu wa mzaha na mcheshi, ambaye watoto wa ploti walimwita Guka ingawa hakuwa na mjukuu. Tulijua hata saa yake ya kwenda msalani, kwa maana kila siku saa kumi na moja unusu alipita mlangoni pangu akiwa na ndoo ya maji na kuimba nyimbo za kanisani.

Kisha saa ile ikavurugika. Alianza kwenda mara tatu, mara nne kwa siku, kila mara kidogo tu, na siku nyingine asiende kabisa. Alipoona damu, akajiambia ni bawasiri. Alinunua dawa za mitishamba kwa mchuuzi mjini, chupa baada ya chupa. Alikonda, akasema ni kazi nyingi. Hakumwambia mtu. Miezi tisa ilipita kabla hajaanguka gereji na kupelekwa hospitali. Upungufu wa damu ulikuwa mkubwa, na saratani ya utumbo mpana ilikuwa imefika kwenye ini.

Tulimsindikiza kwao Vihiga mwezi wa Agosti. Matangani, mkewe aliniambia kwamba alikuwa ameiona damu kwenye nguo alizokuwa akifua, lakini aliona haya kumwuliza mumewe. Mume naye aliona haya kumwambia mkewe. Walikuwa wameoana miaka 26. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua.

Simwandikii msomaji haya ili alale na hofu. Kufunga choo kwa kawaida si saratani, na damu kidogo nyekundu mara nyingi hutoka kwenye bawasiri au mchaniko mdogo wa njia ya haja. Lakini huwezi kujua kwa kukisia, na mchuuzi wa mitishamba hawezi kukujulisha. Nenda kituo cha afya ukiona yafuatayo:

Kawaida yako ya choo imebadilika na haijarudi baada ya wiki tatu, iwe ni kufunga, kuharisha au kupokezana kwa hayo mawili. Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami na humezi vidonge vya chuma. Kukonda bila kukusudia. Uchovu na weupe wa viganja na midomo. Uvimbe tumboni. Hisia ya kutaka kwenda tena hata baada ya kumaliza. Kuharisha kunakozidi wiki mbili nako kupimwe, kwani huenda kuna ambukizo lililojificha.

Na kuna hali moja isiyongoja asubuhi. Tumbo likivimba ghafla, likauma sana, mtu akawa hatoi choo wala ushuzi na anatapika, mpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huenda utumbo umejisokota au umeziba. Utumbo kujisokota ni dharura inayojulikana vizuri na wapasuaji wa Afrika Mashariki, na kila saa inayopita huongeza hatari.

Saratani ya utumbo mpana inayogunduliwa mapema hutibika vizuri. Mwongozo wa taifa wa uchunguzi wa saratani uliotolewa Kenya mwaka wa 2018 unashauri watu wasio na dalili yoyote waanze kupimwa wakifika umri wa miaka 45. Kipimo cha kwanza ni rahisi: unapeleka choo kidogo kwenye maabara itafutwe damu isiyoonekana kwa macho. Ikipatikana, daktari hutumia mrija mwembamba wenye kamera kuutazama utumbo kwa ndani. Aliye na mzazi au ndugu aliyewahi kuugua amweleze daktari, kwa sababu huenda akahitaji kuanza mapema zaidi. Wavutaji sigara, wanywaji pombe kupita kiasi, na walaji wakubwa wa nyama za kusindikwa kama soseji na smokie wajue kwamba hatari yao iko juu kidogo kuliko ya wengine.

Mpwa wangu je? Alipewa dawa ya kulainisha choo kwa miezi minne, si siku nne, kwa maana utumbo uliotanuka hurudi polepole. Kila jioni baada ya chakula alikalishwa na kitabu chake cha hadithi. Mamake alikwenda shuleni, akazungumza na mwalimu wa kike kwa upole, na baada ya wiki moja komeo likawekwa mlangoni. Komeo lenyewe halikuzidi bei ya mikate miwili.

Nilipopita kwao mwezi uliopita, mtoto alinipokea mlangoni na kunitangazia kwa sauti, mbele ya wageni wa mamake, "Mjomba, leo nimeenda vizuri!"

Wageni walitazamana. Dada alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilimpongeza, tena kwa sauti kubwa kama yake.